Kabla Hujashika Keekee

Mpiga besi akiniletea gitaa lake na kusema halina sauti, humuuliza kwanza nyuzi zake zina muda gani na kebo yake ni ipi. Wengi hawalipendi swali hilo. Wamekuja na picha ya pikapu kwenye simu, wamekwisha kupiga hesabu ya bei na ya kusafirisha mzigo, na wanangoja niseme ndiyo. Ninawaelewa. Pikapu, vile vinasa mtetemo vilivyolala chini ya nyuzi, husifiwa kuliko kifaa kingine chochote cha gitaa la umeme, na kweli bila hizo hakuna kinachofika kwenye amplifaya. Lakini miaka niliyopiga besi kwenye kwaya na kwenye kumbi za Dar es Salaam, na miaka niliyoyafungua magitaa ya wenzangu mezani, imenijengea imani ambayo sijapata sababu ya kuiacha. Badilisha kwanza kile kinachoweza kurudishwa, kisha ukasikilize ukumbini, ndipo ufikirie kushika keekee.

Imani hiyo nilirithishwa na fundi redio mmoja wa Magomeni, mzee aliyetengeneza vyombo vya bendi tangu enzi za mashirika. Kijana wa leo anaweza asijue enzi hizo zilikuwaje. Bendi nyingi kubwa za muziki wa dansi nchini hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ilibadilika jina kadiri chama chenyewe kilivyobadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park, Sikinde, ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Magitaa, ngoma, spika na amplifaya viliandikwa kwenye daftari la mali za mwajiri. Mpiga besi akihama bendi, na walikuwa wakihama sana, gitaa lilibaki likimsubiri mwingine.

Kwa hiyo fundi wa vyombo hivyo hakuwa na ruhusa ya kutoboa wala kuchonga. Alirekebisha. Alichokitoa alikitia kwenye bahasha na kukiandika, kwa sababu siku ya ukaguzi mtunza stoo angekiulizia. Mzee yule aliacha kazi za mashirika lakini hakuacha bahasha zake. Kabla ya kugusa gitaa langu alichora kwa kalamu ya risasi kila waya unakotoka, unakokwenda na rangi yake. Mpaka leo sijaona kifaa cha ufundi kinachoshinda mchoro ule wa dakika chache.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mtumba, lenye umbo la Jazz Bass, halina jina kichwani. Umbo hilo lilitoka mwaka 1960 katika kiwanda cha Leo Fender, kule California. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1951, kiwanda hichohicho kilikuwa kimetoa Precision Bass, gitaa la kwanza la besi la umeme kutengenezwa kwa wingi na kupata wanunuzi. Uzi wake, kutoka kizingiti cha juu hadi daraja, una urefu wa inchi 34, kama sentimita 86, na kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo katika magitaa mengi ya besi, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Hiyo ni neema kwetu. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la maelfu ya dola mara nyingi huingia katika gitaa la mtumba bila kuongeza tundu hata moja. Nasema mara nyingi kwa makusudi. Katika Jazz Bass halisi pikapu ya upande wa shingo ni fupi kidogo kuliko ya upande wa daraja, ilhali magitaa mengi ya kuigiza yana mbili zinazolingana. Rula ya mwanafunzi inatosha kukuokolea fedha zako.

Gitaa langu lilinguruma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Linasumbua nini?"

"Linanguruma hata nisipopiga."

"Ukishika nyuzi linafanyaje?"

"Linapungua, Mzee."

"Basi waya wa ethi ni mzima. Acha tulivishe."

Swali lake lile moja bado ndilo ninaloanza nalo kila gitaa linaponguruma. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba wenye kipenyo cha kama milimita 0.06. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, uga wa sumaku hutikisika na waya huzaa umeme mdogo, kwa kanuni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Lakini waya huo hauchagui cha kupokea. Umeme wa ukutani, ambao kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, huingia pia na kutokea kwenye spika pamoja na muziki. Na hizo mara 50 ziko jirani kabisa na noti zetu: uzi wa E ulio wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55. Ukijaribu kuufuta mngurumo kwa kupunguza sauti nzito kwenye amplifaya, umeifuta besi yenyewe.

Mwili wa mpigaji nao hukusanya umeme huo wa hewani. Anaposhika nyuzi, ambazo zimeungwa kwenye ethi kwa waya mmoja uliofichwa chini ya daraja, mngurumo hupungua. Usipopungua, au ukizidi, waya huo umekatika, na kuuunga tena ni kazi ya dakika chache ambayo watu wameibadilishia pikapu nzima. Ukipungua, kama ulivyopungua kwangu, kinachotakiwa ni kuvisha ndani ya mashimo ya mbao bati jembamba la shaba na kuliunga na ethi. Mzee alilitoa bati lake kwenye transfoma mbovu, akalikata kwa mkasi, akaziunga kona kwa risasi ili pasibaki mwanya. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni hufaa kidogo, ila risasi ya kawaida haiishiki. Itabidi uibane kwa skrubu, na chumvi ya hewa ya pwani haikawii kuila pale ilipobanwa.

Alinionyesha pia jambo ambalo lilikuwa ndani ya gitaa tangu kiwandani. Pikapu mbili za Jazz Bass huzungushiwa waya kwa mielekeo iliyopingana, na sumaku zake hupinduliwa. Voliumu zote mbili zikiwa sawa, mngurumo wa moja huufuta wa mwenzake huku muziki ukibaki. Punguza moja, nao unarudi. Precision Bass ilipata tiba hiyo mwaka 1957, pikapu yake ilipogawanywa vipande viwili, kila kimoja kikihudumia nyuzi mbili. Kwa magitaa ya solo na rithim, Seth Lover wa kampuni ya Gibson alikuwa ameshughulikia tatizo hilohilo mwaka 1955 kwa pikapu ya koili mbili. Mpigaji anayejua haya huipata nusu ya utulivu anaoutafuta kwa kuzungusha kidole tu.

Sasa nije kwenye kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, nacho ni ile voliumu yenyewe.

Niliwahi kuletewa gitaa zuri la besi ambalo mwenyewe alikuwa tayari kuliuza. Lilikuwa limepelekwa mahali likatengenezwe kwa sababu voliumu yake ilikwaruza. Likarudi halikwaruzi, lakini limekufa. Sauti ilikuwa ndogo, nzito, haina ncha, na noti zilishikana. Nilipolifungua nilikuta voliumu mpya safi, imeungwa vizuri, na mgongoni imeandikwa B10K. Ni voliumu ya redio. Redio haioni ubaya wowote kwa thamani hiyo, kwa kuwa saketi inayotangulia ina nguvu. Pikapu ya gitaa haina nguvu hiyo. Koili ya maelfu ya mizunguko ni chanzo dhaifu sana, na ukiiwekea mbele yake njia nyepesi ya kwenda ethi, umeme wake wote hupitia huko, na sauti za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Ndiyo maana magitaa ya besi ya pikapu za kawaida hutumia voliumu za kiloomu 250, na baadhi hutumia 500 pale mtu anapotaka ncha zaidi. Nilifunga mbili za A250K, kwa bei ya chakula cha mchana, na gitaa halikuuzwa.

Herufi ile nayo ina maana. Katika voliumu zinazotoka Asia, ambazo ndizo zinazojaa madukani Kariakoo, A hupandisha kidogo kidogo kufuata jinsi sikio linavyosikia, na B hupandisha kwa hatua zinazolingana. Ukifunga B kwenye voliumu ya gitaa, mabadiliko karibu yote hujilundika mwisho mmoja wa mzunguko na sehemu iliyobaki inakuwa ya kupita tu. Kwa mpiga besi wa dansi, ambaye anashuka mwimbaji anapoingia na kupanda sebene linapoanza, huo ni ulemavu wa kweli.

Jirani yake ipo kapasita ya toni. Thamani ya kawaida ni mikrofaradi 0.047, na kwenye kifaa chenyewe huandikwa 473. Ukiweka 104, yaani mikrofaradi 0.1, toni ikizungushwa chini inakata mpaka katikati. Ukiweka 223 inabakiza uhai zaidi. Mbao za saketi za redio zilizotupwa zimejaa kapasita hizi. Nawasihi vijana wafanye jaribio hili kabla ya jingine lolote: ungeni kapasita kwa waya mbili zenye vibanio nje ya gitaa, mpige, mbadilishe, mpige tena. Hakuna kinachotobolewa, na sikio linajifunza jambo ambalo halitaliacha. Mtu mwingine atakuuzia kapasita ya bei mbaya akikuahidi sauti ya miaka ya sitini. Katika kazi yangu thamani yake ndiyo iliyosikika; jina lililoandikwa juu yake sijawahi kulisikia kwenye spika.

Kuhusu pikapu zenyewe, lililonifundisha zaidi lilitokea kwenye mazoezi ya kwaya. Mwenzangu alikuwa ameletewa pikapu mpya na ndugu yake aliyekuwa ng'ambo, za kampuni ya Marekani inayoheshimika, naye akazifunga kwenye gitaa lililofanana na langu. Chumbani zilikuwa nzuri mno. Chini palijaa, juu paling'aa, hata mimi nilizitamani. Tukakubaliana kuyapiga magitaa mawili kwa zamu, wimbo uleule, huku mwalimu wa kwaya akiwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakujua nani anapiga lipi. Kila lilipopigwa gitaa lenye pikapu mpya alisema besi imepotea.

Sababu haikuwa ubovu wa pikapu. Zilitengenezwa kutoa chini na juu kwa wingi na kuacha bonde katikati, sauti inayopendeza mtu akipiga peke yake. Ukumbini chini huko huchukuliwa na ngoma kubwa na mwangwi wa kuta, na spika za kawaida za kukodi hazitoi vizuri mitetemo 41 kwa sekunde. Juu kuna matoazi, kinanda na gitaa la solo. Besi inasikika kwa katikati yake. Katika muziki wetu hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mpiga besi wa dansi hasimami kwenye noti moja kushikilia nyumba. Anazungumza. Sikiliza Tom Malanga ndani ya bendi ya Les Wanyika, jinsi anavyoacha nafasi, anavyopanda juu ya shingo na kujibizana na rithim. Besi ya namna hiyo isipokuwa na katikati, mazungumzo hayasikiki.

Tulifanya mambo mawili, wala hatukuzitoa zile pikapu. Kwanza tulizishusha kwa skrubu zake, hasa upande wa uzi mzito, mpaka zikabaki milimita tatu hivi kutoka kwenye uzi ulioshikwa freti ya mwisho. Pikapu iliyokaribishwa mno huongeza nguvu, lakini sumaku nazo huuvuta uzi na kuuzuia kuimba. Pili tulifunga swichi ndogo ya kuziunga pikapu mbili kwa mfululizo badala ya sambamba. Zikiwa sambamba, kama zinavyotoka kiwandani, sauti ni pana na ya wazi. Zikiwa mfululizo, umeme wa moja unapita ndani ya nyingine, sauti inakuwa kubwa zaidi na katikati inajaa, inaelekea tabia ya Precision. Swichi ile tuliifunga kwenye bati la voliumu ambalo linabadilishika, mbao zikabaki nzima. Mwalimu akaisikia besi.

Mahali pikapu ilipo nako huamua mengi, tena kuliko chapa yake. Karibu na shingo uzi unachezea mapana na sauti ya msingi inatawala. Karibu na daraja mtetemo wake ni mdogo na sauti za juu za noti ndizo zinazojitokeza. Kwenye Jazz Bass za miaka ya 1970 pikapu ya nyuma ilisogezwa karibu sentimita moja kuelekea daraja, na wapigaji wanaoitafuta sauti ile kali ya kupiga kwa gumba wanaijua tofauti hiyo. Marcus Miller hutumia Jazz Bass ya mwaka 1977, ambayo Roger Sadowsky wa New York aliifungia saketi ya betri na daraja zito. Jaco Pastorius alichukua Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti, akaupaka ubao wa vidole epoksi inayotumika kwenye mashua ili nyuzi zisiule. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alikuwa na Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa na sponji chini yake, na hakuona haja ya kuitia jambo jipya. Ninapoulizwa ni yupi wa kufuata, nasema yeyote kati yao, maana kila mmoja alijua anachokitafuta kabla ya kukifungua chombo.

Sponji hiyo ilinisaidia kwa kundi moja la taarabu. Taarabu ya Unguja imezoea besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao inayopigwa kwa vidole. Ikhwani Safaa, klabu ya mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958 zinajulikana kwa okestra zenye chombo hicho. Kwa upande wa bara, Tanga, kikundi cha Black Star kilikuwa kimeingiza magitaa ya umeme kwenye taarabu, besi ikiwamo. Hawa walionijia walikuwa na gitaa la besi la umeme na walitaka liwe na adabu ya chombo cha kusimama: noti ianze kwa duara, isikae sana, isiwapigie kelele waimbaji. Walidhani lazima wanunue pikapu. Tuliweka nyuzi bapa, ambazo utepe wake wa nje ni laini na haukwaruzi, na kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa kwa wembe, kikabanwa chini ya nyuzi mbele tu ya daraja. Magitaa ya kwanza ya Fender yalikuwa na kizuizi cha namna hiyo kilichofichwa chini ya kifuniko cha daraja. Toni tuliishusha nusu. Wakaondoka na fedha zao za pikapu mfukoni.

Saketi za betri zinahitaji neno la peke yake. Zilienea baada ya gitaa la StingRay la mwaka 1976, kutoka Music Man, kampuni aliyoshiriki Leo Fender baada ya kuiuza ile ya jina lake kwa CBS mwaka 1965. Saketi hiyo huchukua umeme dhaifu wa pikapu na kuutia nguvu humohumo ndani ya gitaa. Kebo ndefu haili tena sauti za juu, na mpigaji anaweza kuongeza chini au juu, si kupunguza tu. Ni kitu kizuri. Ila kinaishi kwa betri ya volti 9, na betri hiyo huwashwa na kebo yenyewe ikiingia kwenye jeki. Ukiiacha kebo ndani usiku kucha, betri inafanya kazi usiku kucha. Nimeshuhudia besi ikianza kukoroma katikati ya harusi na kunyamaza kabisa maharusi wakiwa njiani kuingia. Tangu hapo sifungi saketi ya betri bila swichi ya kuiruka, ili pikapu ziende moja kwa moja kwenye kebo betri ikifa. Ikikosekana nafasi ya swichi kwenye bati, kuna voliumu zinazovutwa juu zikawa swichi.

Kuna sababu nyingine ya kuzipenda baadhi ya saketi hizo, nayo ni usalama. Waya wa ethi unaonyamazisha mngurumo humuunganisha mpigaji na ethi ya amplifaya. Kwenye ukumbi ambao ethi yake ni ya jina tu, na jenereta imeungwa kwa haraka, mpigaji anayeshika nyuzi kisha akagusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa na umeme vibaya. Wanamuziki wengi wameonja mshtuko huo na wakauchukulia kuwa sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi. Pikapu za EMG, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976, zina kikuzaji ndani yake na kinga yake yenyewe, na maelekezo yake ni kwamba waya wa daraja usiungwe. Hilo linapunguza hatari upande wa gitaa. Halimwondolei mwenye ukumbi wajibu wa kuchimbia ethi ya kweli, na fundi anayejiheshimu huipima soketi kabla ya jukwaa.

Kuhusu vyuma, nitasema machache. Daraja zito la shaba nyeupe au la chuma kinene linavutia macho na linashika nyuzi vizuri, lakini badiliko la sauti yake ni dogo kuliko sifa zake. Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, kinachoua daraja ni kutu. Chumvi na jasho huingia kwenye skrubu ndogo za kupandisha nyuzi mpaka zinagoma, na hapo uzi hauwezi tena kupangwa ukalingana na freti. Skrubu zisizoshika kutu na tone la mafuta ni bora kuliko daraja jipya lisilotunzwa. Vikazio vya nyuzi vibadilishe vikilegea. Shingo nayo ipimwe majira yanapobadilika, kwa kuwa mbao hunywa unyevunyevu wa masika na kupinda. Fimbo ya chuma iliyomo ndani hurekebishwa kwa robo mzunguko, kisha unasubiri hadi kesho.

Kazi ninayoipenda zaidi ni kufufua pikapu iliyokufa. Pima kwa mita. Pikapu ya Jazz Bass ikiwa nzima husoma kama kiloomu 7 au 8, ya Precision 10 au 11. Isiposoma kitu, waya umekatika mahali fulani. Watu huitupa hapo. Mara nyingi waya umekatika nje kabisa, pale unapoungwa, na fundi mwenye macho na mkono mtulivu huuokota na kuuunga upya. Nyakati nyingine chumvi imeula kwa ndani, karibu na sumaku, na hapo hakuna njia ila kuukata wote na kuzungusha mwingine.

Mzee alizungusha kwa mota ya dekki ya kaseti, na kihesabio cha dekki hiyohiyo kikamhesabia mizunguko. Waya aliutoa kwenye relei za zamani, maana waya wa mota za kusaga na za feni ni mnene mno kwa kazi hii. Aliuongoza kwa vidole viwili vilivyovaa kitambaa laini, bila kuuvuta, kwa kuwa ukiuvuta unarefuka na kukonda, na ukiulegeza koili inapiga kelele yenyewe mbele ya spika. Mwisho aliizamisha koili kwenye mchanganyiko wa nta ya nyuki na parafini, iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, hadi mapovu ya hewa yakakoma. Nta ikiganda, waya hautikisiki tena. Pikapu aliyoifufua hivyo kwenye gitaa langu ingali inafanya kazi, na zile za ng'ambo nilizozipata baadaye ziko kwenye bahasha, zimeandikwa.

Stoo za makanisa, za klabu, za vyama vya wafanyakazi na za shule zina magitaa ya besi ya miaka ya 1970 na 1980 yaliyotupwa pembeni kwa sababu hayatoi sauti. Mengi yana mbao kavu na shingo nzuri kuliko magitaa mapya ya bei sawa. Nawaomba wenye stoo hizo wasiyauze kama chuma chakavu, wasiyapake rangi upya, wala wasimruhusu mtu ayachonge ili aingize pikapu mpya. Wamwite fundi mwenye mita, waya wa daraja upimwe kwanza, voliumu zisomwe mgongoni, pikapu zipimwe moja moja, na kila kinachotolewa kitiwe kwenye bahasha yenye jina la gitaa. Kisha wawape vijana wa kwaya na wa bendi za mtaani wayapige.